Kaka, Usiezeke Kwanza

Mtaa wa Sofu,
Kibaha, Pwani.
21 Januari 2024

Mpendwa kaka Isihaka,

Shikamoo. Kabla ya neno jingine lolote nakusalimu wewe, wifi Rahma na watoto. Natumaini baridi ya Sumbawanga haijawashinda na kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi, ila mioyo haijatulia. Mvua za vuli mwaka huu zimekataa kuondoka. Wingu likijikusanya tu upande wa Kongowe, natoka nje kutazama bomba.

Utashangaa mtu wa simu kama mimi kushika kalamu. Kwenye simu siwezi, kaka. Mama yumo edani, hatoki, na masikio yake unayajua. Barua hii nitampa kondakta wa basi pale Kwa Mathias akufikishie mkononi.

Mama anakusalimu. Anakula kidogo, anaswali, na haipiti saa bila kumtaja marehemu baba.

Nianze na paa. Unakumbuka ulivyong'ang'ania nyumba hii iwe ya kuficha paa, nasi tukatamba mtaa mzima kwamba kwetu hata bati halionekani. Basi bati halionekani, na gata la kukingia maji ya mvua nalo halionekani. Limejificha nyuma ya ule ukuta wa juu, na majani ya mzambarau wa jirani yamekuwa yakiingia humo tangu tuhamie. Hakuna aliyewahi kupanda kuyatoa. Bomba la kushushia maji likaziba kimyakimya. Mvua ikinyesha tulikuwa tukiliona halitoi kitu, tukadhani maji yanashukia upande mwingine.

Dalili zilikuwepo, sisi ndio tuliokuwa vipofu. Mwezi uliopita mche wa mpapai ulichungulia juu ya paa. Mwanangu Firdausi alicheka mpaka akakaa chini. Mama akasema tusiung'oe, ni riziki, mwenye nyumba kaondoka na Mungu kaleta kingine. Nani angebishana na mjane? Kumbe mpapai hauoti kwenye bati, unaota kwenye udongo, na udongo ulikuwa umejaa gata zima.

Likafuata doa. Dari ya chumba cha mama iliingia doa la rangi ya chai, likawa linatanuka kila mvua, na rangi ya ukutani ikaanza kubanduka. Nikataka kumwita fundi. Mama akakataa katakata, akasema mwanamume asiye maharimu wake hawezi kukanyaga chumba anachokalia eda. Nami nikaogopa maneno ya watu, nikasema fundi ataingia eda ikiisha.

Siku hizohizo mama akaanza kulalamika mkono wa kulia. Magoti yake unayafahamu, akitoka kwenye sijida hushika ukuta ndipo ainuke. Akasema mkono unamtekenya halafu unakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Tukasema ni presha. Muuguzi akaja kumpima, presha nzuri. Tukasema ni sukari, nayo nzuri. Nikawa namsugua mafuta ya karafuu kila jioni. Ananishukuru, kisha anarudi kuswali palepale.

Ijumaa iliyopita mvua ilikatika asubuhi nikaingia kumfutia maji sakafuni, peku. Nikaegemea ule ukuta. Kaka, hata sauti haikutoka. Nilirushwa nikaangukia ubavu, na nilipopata fahamu mama alikuwa anakuja kuniinua huku ameunyoosha mkono kwenye ukuta uleule ajishikize. Sijui nilimsukumaje. Nilikwenda kuzima swichi kubwa. Mpaka leo nikipita kwenye korido natembea katikati, siugusi ukuta wowote.

Hashiru, fundi umeme wa mtaani kwetu, alipanda juu siku ileile. Alikuta gata limeshiba majani yaliyooza, maji yamesimama, mbu wamefanya makazi. Kwa kuwa maji hayana pa kutokea, yalikuwa yanafurika kurudi ndani na kushuka kwenye ukuta, penye waya za umeme. Ustadhi naye alikuja, akamwambia mama kutoka mlangoni kwamba penye hofu ya madhara dini haimfungi mtu chumbani. Amehamia chumba cha Firdausi. Gata limezolewa, ila umeme bado tumezima, tunatumia taa za sola.

Sasa nyumba yako unayojenga Kisarawe. Nasikia mafundi wameshapita linta ya juu ya madirisha na paa ni la kuficha kama hili, na humo ndimo unamotaka mama ahamie akitoka edani. Nakuomba usiezeke hivyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Acha bati litokeze nje na gata lining'inie mahali ambapo hata mtoto akisimama uani ataona limeota majani. Ukishindwa kabisa kuuacha mtindo, toboa matundu kwenye ule ukuta wa juu ili likiziba maji yamwagikie nje. Weka wavu kwenye mdomo wa bomba, na atafutwe mtu wa kulisafisha kabla ya vuli na kabla ya masika. Miti inayoinamia paa ipunguzwe.

Nimezunguka sana, kaka, kwa sababu linalofuata linanitisha kuliandika. Nilipomweleza mama kwamba haikuwa presha, ulikuwa ukuta, aliutazama mkono wake. Kisha akasema, "Mwanamvua, baba yako naye wiki ile alikuwa ananilalamikia mkono."

Wewe hukuwahi kumwona kabla hajazikwa. Sisi tulimkuta juu ya mswala, kaangukia upande wa ukuta ule, mvua imenyesha tangu jana yake, na sote tukasema ni moyo.

Sikulaumu. Ramani tuliipenda wote. Mama hajalirudia neno lile na mimi sijathubutu kumuuliza. Usimuulize kwenye simu. Njoo.

Msalimie sana wifi Rahma, umbusu mwanao Said, na shemeji Omary ukimwona mwambie tunamkumbuka. Mwenyezi Mungu awakinge na kila lililo juu ya paa lenu msiloliona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanamvua