Ndege Mwenye Kishungi

Shinyalu, 4 Aprili 2025

Mpendwa ndugu yangu Chrispinus,

Bwana asifiwe. Unaendeleaje huko Lugari? Na mguu, plasta imetolewa? Sisi tu wazima, ila mimi usingizi umenihama. Simu yangu imekufa, ndiyo maana nimempa Kipsang wa lori la mahindi barua hii.

Kuna ndege mkubwa, mweusi, ana kishungi kichwani. Anakaanga kwenye mti wa mpakani na msitu, ananitazama nikipalilia maharagwe. Na unajua mjukuu wangu Cindy ana miezi minane. Nikilima namlazanga kwa mkeka. Sasa namfunga mgongoni siku nzima, kiuno kinakatika. Jirani Sifuna ananicheka: "Mama, endelea kuomba tu. Siku atakapombeba ndio utajua ni tai." Anataka kumtegea nyama yenye sumu. Wewe ulitembeza wageni msituni miaka kumi na miwili. Nitamjuaje?

Dada yako,
Naliaka

Lugari, 8 Aprili

Dada,

Namshukuru Mungu, plasta bado ipo lakini maumivu yamepungua. Pole na mgongo.

Mwambie Sifuna aache sumu. Wenye kishungi wako wawili. Kama ni mweusi mwili mzima, kishungi kirefu kinapepea, na akiruka unaona mabaka meupe mabawani, huyo anakulanga panya. Anakulindia mahindi. Lakini kama kifua kina madoadoa, mkia una mistari, na miguu ni minene kama kiwiko cha mtoto, huyo anabeba hata tumbili. Mtazame vizuri.

Ndugu yako,
Chrispinus

Shinyalu, 15 Aprili

Ndugu yangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. U mzima? Mimi nimelala usingizi wa kweli! Nimemtazama siku tatu. Mweusi tititi, kishungi kinapepea, meupe mabawani. Jana alishuka mbele yangu akabeba panya. Nilipiga magoti pale pale kwenye maharagwe.

Cindy amerudi mkekani, chini ya migomba upande wa msitu, kuna kivuli kizuri. Sifuna bado mbishi. Juzi mchana mwanambuzi wake alipotea, leo ameona mguu wake unaning'inia juu ya mti. Akaja mbio: "Si nilikwambia ni ndege yako!" Nikamwambia, ndugu yangu ndiye anajua, huyu ni wa panya. Nikamcheka hadi akaondoka.

Dada yako mwenye amani,
Naliaka

Lugari, 17 Aprili, saa nne asubuhi

Dada,

Leo siulizi hali. Mtoe Cindy mkekani. Weka barua chini, kambebe kwanza.

Ndege wa panya hawezi kumpandisha mbuzi mtini. Sifuna amekosea ndege, lakini mwizi yupo. Yule mwingine yuko hapo hapo kwenu. Humwoni kwa sababu hakai wazi. Anakaanga ndani ya majani, kimya. Kosa ni langu. Nilikufundisha kumtambua huyu unayemwona, nikakufanya uache kuogopa.

Nampigia Sifuna tangu nisome barua yako, simu haishiki. Kipsang amekubali kugeuza lori bila kupakia. Mungu amtangulie njiani. Mimi na mguu huu ni kukaa tu mlangoni.

Nijibu upesi, hata neno moja.

Ndugu yako,
Chrispinus