Jumamosi ya Zamu

Kajiado,
9 Septemba 2001

Babu mpendwa,

Goti lako limeamkaje? Hilo ndilo swali langu la kwanza kila asubuhi, hata kabla sijaomba. Mimi ni mzima. Nilifika shuleni salama, na kamba uliyofunga sanduku haikukatika.

Maneno ya Mjomba Mutinda hayajanitoka. Alisema mbele yangu, "Baba, sikukuu ya Jamhuri mwezi wa Desemba ikifika na shamba hili bado ni kichaka, tunauza. Utakuja kukaa nami Kware. Huwezi kulima peke yako." Babu, nyumba ya Mjomba ni vyumba viwili, na watoto wake wanalala jikoni. Mimi sina kwetu kwingine tangu Mama afariki. Shamba likiuzwa, shule zikifungwa nitakuwa nikienda wapi?

Likizo iliyopita niliona jambo. Sukuma wiki tunayonunua Kisaju hutoka mbali kwa lori na hufika imenyauka, ilhali nyuma ya kila nyumba kuna udongo mtupu. Mama Wahu, jirani yetu, ana tangi la maji ya mvua lakini hana mikono ya kutosha. Sankale, yule mfugaji, ana samadi nyingi bomani mpaka mbuzi wake wanalala juu ya kilima. Wewe una ekari mbili na kunde za mbegu alizoacha nyanya, Susu wetu. Kila mtu ana kipande kimoja tu cha shamba zuri, na kila mtu amefunga mlango wake.

Ita mwethya, Babu, majirani waje wakulimie pamoja siku moja, kama ulivyonisimulia mlivyokuwa mkifanya Machakos. Nimeandika tangazo na kulikunja ndani ya barua hii. Mpe mzee wa kanisa alisome Jumapili.

Mjukuu wako,
Mutheu


Kisaju,
17 Septemba 2001

Kwa Mwaitu,

Nakuita mama yangu kwa sababu umebeba jina lake, na pia kwa sababu unaniamrisha kama yeye. Niko mzima. Goti iko na kelele lakini inatembea. Ile kuku ya Susu yako imetaga mayai nne. Habari ya hapa ndio hiyo yote. Tangu uende sijaongea na mtu isipokuwa hiyo kuku, na haijibu.

Kuita watu ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Miaka ishirini nilichonga mawe kwa machimbo ya Kitengela. Mawe haiitwi, inapigwa. Susu yako ndiye alikuwa anajua watu. Tangu tumzike sijaingia kwa boma ya mtu. Wasipokuja nitaweka uso wapi?

Tangazo nimesoma mara tatu. Kiswahili yako ni ya mwalimu, sisi wa ngumbaru tunasoma polepole kama tunavuka mto. Lakini nitapeleka. Itakuwa Jumamosi tarehe 29. Mtu akiita mwethya lazima alishe watu washibe, hiyo ndio sheria. Chakula ikiwa kidogo watakuimba mpaka ufe.

Babu yako,
Kyule


Kisaju,
1 Oktoba 2001

Kwa Mwaitu,

Uko mzima? Mimi mgongo imevunjika na nimefurahi.

Walikuja. Mpaka saa mbili hakukuwa na mtu, nikaanza kulima mwenyewe nikijiambia nilijua. Halafu nikasikia, "Sopa, mzee!" Ni Sankale na punda wawili wamebeba samadi. Akasema, "Mimi sichimbi. Mmasai akishika jembe ng'ombe wake wanamcheka. Lakini hii wameitengeneza wenyewe kwa tumbo, chukua." Mama Wahu alikuwa nyuma yake, akacheka mpaka leso ikaanguka. Alileta dada yake na watu wengine wanne wa kanisa. Tulichimba fanya juu tatu, ile mitaro ya kushika maji, udongo unatupa upande wa juu. Peke yangu ingenichukua mwezi mzima.

Nilipika sufuria mbili, mahindi ya muthokoi na kunde. Kunde ilipungua, nikaongeza hata ile ya mbegu ya Susu yako. Usinikasirikie. Mtu amekuitikia, hawezi kwenda na njaa. Wakakula, wakashiba, wakaenda. Mwethya imeisha vizuri.

Mama Wahu aliacha jembe yake hapa. Alisema, "Utaniletea Jumamosi." Nimeisimamisha kwa mlango. Siku akipita ataichukua.

Babu yako,
Kyule


Kisaju,
9 Oktoba 2001

Kwa Mwaitu,

Salamu. Kwa mwili niko mzima.

Juzi kanisani Mama Wahu alinipita kama anapita mti wa stima. Tulipotoka nje akasema watu wasikie, "Kuna wazee wengine wanajua tu kukula jasho ya watu." Mimi! Nikamwambia, "Mama, nilipika sufuria mbili. Jasho yako ilirudi kwa tumbo yako." Akasema, "Hiyo muthokoi ilikuwa na mchanga! Na Jumamosi nilikungoja kutoka asubuhi mpaka chai ikashika ngozi."

Kungoja nini? Mimi nililipa kwa chakula siku hiyo hiyo. Lakini watu wote wako upande wake. Sankale peke yake alinisalimia, akasema hii ni vita ya watu wa jembe, yeye hana neno.

Sasa shamba iko na mitaro na samadi, haina mbegu hata moja, na haina mtu. Bidii yako nimeiona, Mwaitu. Lakini jana nilienda Kitengela nikampigia Mutinda simu ya kibanda. Nimemwambia pengine Kware sio mbaya.

Babu yako


Kajiado,
14 Oktoba 2001

Babu mpendwa,

Sijui kama u mzima, maana hukuniambia habari za goti. Barua yako niliisomea nyuma ya bweni. Tafadhali usimpigie Mjomba tena kabla hujasoma hii mpaka mwisho.

Ninakaa dawati moja na msichana anayeitwa Wacuka, kwao ni Kiambu, Mkikuyu kama Mama Wahu. Nilimsomea ugomvi wako nikitaka aseme Mama Wahu amekosa. Yeye akauliza, "Kwani babu yako hakurudisha?"

"Arudishe nini? Aliwapikia."

"Kupika ni adabu tu. Hiyo ni ngwatio, wewe. Leo kwako, kesho kwangu. Mtu akikulimia siku moja na usimlimie siku moja, umemwibia siku. Hata ungempikia ng'ombe mzima."

Hapo nikakumbuka tangazo. Kwako niliandika mwethya, lakini kwenye tangazo sikuandika. Mwalimu wetu hukata maksi tukichanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili, nami nilitaka liwe safi. Niliandika "siku ya kusaidiana". Basi wewe ukasoma mwethya, naye akasikia ngwatio, na wote wawili mlisoma sawasawa. Mama Wahu hakulisahau lile jembe, Babu. Alikuwa akikuita.

Kosa ni langu, nami niko mbali na siwezi kulirekebisha kwa mikono yangu. Nakuomba wewe unirekebishie. Jumamosi mpelekee jembe lake. Chukua na lako. Usieleze chochote, lima tu.

Mjukuu wako,
Mutheu


Kisaju,
22 Oktoba 2001

Kwa Mwaitu,

Habari ya masomo? Goti ilipiga kelele Jumamosi yote lakini haikulala chini.

Nilifika kwake na jembe mbili begani. Akaniangalia kutoka jikoni. "Umepotea njia, Mzee Kyule?"

Nikasema, "Nimechelewa wiki mbili tu."

"Wiki mbili! Wewe hata mazishi yako utachelewa." Lakini alisogeza kuku, akanionyesha mahali pa kuanzia. Nililima mpaka saa saba. Alileta chai na nduma. Nikamwambia nduma yake iko na mchanga. Aliguna, halafu akacheka vibaya sana, akaita dada yake aje asikie. Hapo ndio nilimweleza mambo ya lile neno. Akasema, "Kumbe tulipigana kwa sababu ya karatasi ya mtoto!"

Sasa tuko watu wanane, na kila Jumamosi iko na mwenyewe. Sankale anahesabiwa kwa punda. Zamu yangu ya kupanda ni tarehe tatu Novemba, na kila mtu ataniletea kikombe ya mbegu, kwa sababu wanajua yangu waliila wao.

Lakini tarehe tatu ndio siku yenu ya wageni. Nimefikiria. Muhula uliopita nilipokuja ulishika mkono wa koti yangu mpaka kengele ikalia. Wengine hawawezi kubadilisha siku, mawingu imeshakaribia. Nitakuja kwako. Shamba haiwezi kulia, wewe unaweza.

Babu yako,
Kyule


Kajiado,
25 Oktoba 2001

Babu,

Naandika haraka ili barua hii ikuwahi. Mimi ni mzima, na siwezi kulia kama unavyodhani.

Usije. Ukikosa zamu yako mwenyewe, hao watu watakuja kumpandia nani? Mvua haijui siku ya wageni. Mjomba naye atakuja Jamhuri na kuona mitaro mizuri isiyo na kitu. Nataka siku nitakayofunga shule nikute kijani.

Ukija nitakuona kwa saa tatu tu. Ukipanda, nitakuwa na kwetu.

Wacuka amesema nitakula na wageni wake. Kwa hiyo sitakuwa peke yangu.

Mutheu


Kajiado,
4 Novemba 2001

Babu mpendwa,

Natumaini ulipanda. Jana tangu asubuhi nilikuwa nikitazama mawingu ya upande wa Kisaju.

Wageni wa Wacuka walichelewa, halafu walipofika walikuwa na mambo mengi ya nyumbani ya kuzungumza kwa Kikuyu, nami sikutaka wanibadilishie lugha kwa ajili yangu. Nilitoka nikaenda kwenye shamba la darasa la kilimo. Nilimwagilia sukuma zote, hata zile ambazo si zamu yangu. Saa nane nilijisemea, sasa wanakula. Saa tisa, sasa Sankale anafunga punda. Ilipofika saa kumi kengele ikalia, wazazi wakaanza kuondoka, na wasichana wengi wakalia. Mimi sikulia kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniacha.

Niandikie, hata kama ni kidogo.

Mjukuu wako,
Mutheu


Kisaju,
12 Novemba 2001

Mwaitu,

Tuko wazima wote. Tulipanda. Kunde, mbaazi, maharagwe, mbegu zingine hata sijui jina. Mvua ilinyesha siku iliyofuata.

Hiyo Jumamosi, kwa ile simu yangu, Mutinda alikuja na mtu wa kununua. Kutoka barabarani aliona watu wamejaa kwa boma, akajua nimekufa. Alikuja mbio ameshika kichwa, "Woi Baba, woi!" Mama Wahu akamwambia, "Marehemu ni yule ameinama. Anasema ushike jembe." Alilima na viatu ya ofisi. Yule mtu wa kununua alingoja kwa kivuli halafu akaenda zake. Mutinda hajasema tena maneno ya kuuza. Ameuliza kunde itakuwa tayari lini.

Naacha hapo, wananiita.

Babu


Kajiado,
18 Novemba 2001

Babu mpendwa,

Nafurahi kwamba nyote ni wazima. Zamani ulikuwa ukiandika "niko mzima".

Nilimsomea Wacuka habari za Mjomba, akacheka mpaka mwalimu wa zamu akatutazama. Nami nilicheka. Baadaye niliziweka barua zako kitandani kwa mfuatano. Ile ya Septemba, ambayo uliniambia huna mtu wa kuzungumza naye ila kuku, inajaza kurasa mbili. Hii ya mwisho haikufika hata nusu ya ukurasa. Hukuuliza kama mimi ni mzima, na kuku hukumtaja. Silalamiki, Babu. Niliomba uwe na watu, na mtu aliye na watu hana nafasi ya kuandika. Nimeisoma hiyo nusu mara nyingi kuliko zile kurasa mbili.

Usijibu barua hii. Tunafunga shule Ijumaa tarehe 23, na Jumamosi inayofuata sijui ni ya nani. Yeyote awaye, tafadhali mwombe Mama Wahu aongeze jina langu kwenye zamu. Mwambie sina shamba langu, hivyo siku yangu wasinirudishie kwa kulima. Jembe la Susu liko nyuma ya mlango wa jikoni, mpini wake umelegea kidogo. Nitaweza.

Mwambie pia kwamba nikichelewa anikasirikie mbele ya watu, kama alivyokukasirikia wewe. Nimekaa hapa muhula mzima bila mtu wa kuningoja mpaka chai ishike ngozi.

Mjukuu wako, na mama yako,
Mutheu