Isale la Baba na Kiti cha Mwenyekiti

Greyville,
Durban.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Clementina,

Shikamoo shangazi. Goti lako linaendeleaje? Huku baridi imeingia, ila sote wazima, tunakula na kulala.

Haya, kaa chini kwanza. Baba kachaguliwa mwenyekiti wa Watanzania wa hapa! Anselmo mdogo wako! Mimi mpaka sasa sijatulia.

Yalianzia kwenye masomo yangu ya historia. Nilimhadithia habari za Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa, alianza kwa kukopesha wakulima, akafungua benki, mwisho akaingia siasa, na kabla ya kura akapita kupatana na mahasimu wake wote. Baba si ndiye kijumbe wa upatu wetu, anayekusanya na kutunza hela za watu? Akaruka: "Mimi na huyo tuna tofauti gani? Na mimi ni benki!" Wiki hiyohiyo akatangaza kugombea.

Mpinzani wake alikuwa Gilbert, yule wa Kibosho. Walikuwa hawasalimiani tangu baba akose kwenda kumpa pole alipofiwa na mama yake. Basi baba, kama yule Mmarekani, akamfuata kwake Overport na jani la isale la kuombea msamaha, mchana kweupe. Eish, shangazi! Wachaga wenzetu wakamwona pale kwenye robot, taa za barabarani, nalo mkononi. Isale hulibebi kama hujakosa, unajua mwenyewe. Wakasema, kijumbe anaomba msamaha? Huyo kala upatu!

Kila saluni ikawa ni hiyo habari. Watu wakadai hela zao, baba hali wala halali, jina lake lote linakwenda na maji. Nililia, sikufichi.

Siku ya kura Gilbert akasimama. Angenyamaza tu, kiti kilikuwa chake. Akasema, "Isale aliniletea kwa ajili ya msiba wa mama yangu, nami nimelipokea. Siwezi kulipokea halafu nikae kimya mwenzangu akiitwa mwizi."

Vigelegele! Hata Marcelline, jirani yetu Mkongo aliyekuja kutazama tu, akacheza. Baba akapita, na upatu akamkabidhi Gilbert palepale.

Sasa baba ana ombi, ila kuliandika kumemshinda, yuko jikoni anajifanya anaosha vyombo. Anaomba uende Kibosho, kwenye kaburi la mama yake Gilbert, umpe pole hiyo iliyochelewa. Mwambie mama yule kwamba Desemba anakuja mwenyewe.

Nisalimie Japhet na Belinda. Ruwa akulinde, shangazi yangu.

Mwanao akupendaye sana,
Sia