Maganda Ishirini ya Shaba Mpya

Shamba la Kijito cha Mierebi,
Harlow Fork,
Montana.
Jumanne, 29 Oktoba 2019

Asubuhi hii: theluji laini tangu kabla ya mapambazuko, upepo wa kaskazini, maji ya kuku yameganda mpaka chini ya ndoo.

Mpendwa Mjomba Osmund,

Kifua chako kinaendeleaje? Binamu Corinne aliniandikia kwamba hewa kavu ya huko Arizona imekuwezesha kupanda ngazi za kanisa bila kusimama katikati, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo. Na jicho lako la kulia, lile linalofanya kazi ya mawili, bado linasoma gazeti? Kama limechoka, Corinne akusomee barua hii, ila asiruke mahali popote, hata pale ninapojisema vibaya.

Sisi huku miili haijambo. Mgongo wa Delmar umepungua maumivu, ingawa hawezi kubeba bunduki mwaka huu. Kuku wanne wamegoma kutaga. Zaidi ya hayo sina habari njema, Mjomba. Ninaandika ili mikono ipate kazi ya kufanya.

Tilda yuko mlimani. Aliondoka na baba yake Delmar Jumapili alasiri kwenda kwenye hema letu la Korongo la Kengele, kuwinda wale kulungu wakubwa. Ana miaka kumi na tisa, na huu ndio mwaka wake wa kwanza kubeba bunduki uliyomwachia. Baba yake amekwenda kumpikia na kumsindikiza tu. Simu hazishiki kule. Mfukoni ana risasi ishirini nilizomtengenezea kwa mikono yangu, na nimezitengeneza vibaya.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha kuandika daftari la risasi.

Mwezi wa nane nilikagua maganda ya zamani ya risasi, yale ya shaba tunayoyajaza baruti upya kila yakishafyatuliwa. Nilipenyeza waya wenye ncha iliyopinda ndani ya kila ganda, kama ulivyonionyesha nikiwa na miaka kumi na minne, nikapapasa ukuta karibu na kitako. Matatu yalikuwa na mfereji. Waya ulikwama pale pale mahali ambapo shaba huchoka na kuchanika. Maganda yale yalikuwa yamefyatuliwa mara nane. Niliyatupa yote matatu, lakini usiku ule sikuona kitu kingine ila uso wako siku lile ganda lako lilipochanika na gesi ya moto ikarudi nyuma kwenye jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwako.

Ndipo nilipokupigia simu kukuuliza kama ninunue yale maganda ya bei ghali, yanayotoka ng'ambo, kila moja likiwa na tundu lake ndani ya sanduku kama mayai. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Shaba ni shaba, mwanangu," ulisema. "Kulungu hasomi chapa kwenye kitako cha ganda." Nilitaka kukujibu kitu kuhusu jicho lako, nikageuza mazungumzo kwenye kuku.

Niliyanunua. Maganda hamsini kwa bei ambayo ningepata mia na sitini ya kawaida. Delmar alilifungua sanduku mezani, akaangalia, akaniangalia. "Mke wangu kaninunulia vito," alisema, "basi nitoboeni masikio." Tilda alicheka hata kahawa ikampalia. Mimi sikujali. Nilijiambia kwamba nimenunua usalama wa mwanangu, na usalama hauna bei.

Mjomba, kosa langu lilizaliwa ndani ya maneno hayo. Mtu akishanunua usalama huacha kuutafuta.

Unaujua ukurasa wa kumi na mbili wa daftari, wenye mwandiko wako. Kipimo cha baruti umekipigia mstari mara mbili, na pembeni umeandika kwamba hiki ndicho cha juu kabisa, kisiongezwe hata punje. Nilikipima kile kile kwa kila risasi, nikarudia kupima zote ishirini. Fataki mpya za kuwashia baruti, aina ile ile, vichwa vya risasi vile vile vya siku zote, urefu ule ule. Nilipomaliza nilijisifu. Nilichobadilisha ni ganda peke yake, na ganda lilikuwa bora kuliko la zamani, sasa kuna hatari gani?

Ulinifundisha kwamba ukibadilisha kitu kimoja, hata kiwe kidogo namna gani, unarudi kwenye kipimo cha chini na kuanza kupanda upya. Ninaweza kuisema kanuni hiyo nikiwa usingizini. Sikuifuata.

Na hatukuzijaribu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ijumaa Tilda alirekebisha darubini ya bunduki kule kwenye ubao wa shabaha, lakini alitumia risasi za maganda ya zamani. Alitaka kufyatua mbili tatu za mpya, mimi nikamkataza. "Hizo za gharama," nilimwambia, "hatuzichezei kwenye mbao. Zipeleke mlimani." Aliniitikia, "Sawa, Mama Mhasibu," akazitia mfukoni.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nafuta benchi la kutengenezea risasi. Katika daftari kuna safu ya uzito wa ganda tupu, nayo nilikuwa nimeiacha wazi. Siwezi kulala vizuri nikijua kuna safu iliyo wazi, hivyo nikaweka ganda jipya moja kwenye mizani. Nikadhani mizani imeharibika. Nikaweka la zamani, nikaweka tena jipya. Jipya lilikuwa zito zaidi, na si kwa kidogo.

Nilikaa kwenye kiti. Kwa nje yanalingana, maana yote yanaingia kwenye bunduki ile ile. Basi uzito uliozidi uko ndani, kwenye kuta. Nilichukua bomba la sindano ninalowanyweshea kuku dawa, nikajaza maji ganda la zamani, kisha jipya. Jipya lilifurika mapema. Nilirudia mara nne, nikifuta na kuanza tena, nikiomba liwe kosa la mkono wangu.

Chumba cha ndani ni kidogo, na mimi nimesukumia humo baruti ile ile ya juu kabisa. Moto ule ule, nyumba ndogo zaidi. Na nyuma ya nyumba hiyo kuna shavu la Tilda.

Saa moja na nusu nilikuwa kwenye lango la Orrin, jirani yetu wa upande wa juu, ambaye bado anafuga nyumbu wa kupanda. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye theluji bila kofia. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu baruti.

"Nenda nyumbani kaa karibu na simu, dada," alisema, huku akifunga tandiko. "Wakiteremka upande wa pili watapiga kutoka kwenye mgahawa."

"Mzee Orrin, njia imejaa theluji."

"Mimi njia siijui. Anayeijua ni huyu." Akampiga nyumbu begani. "Akikataa yeye, nitapanda kwa miguu nimtukane nikiwa njiani."

Aliondoka saa mbili. Katika hali hii ya hewa ni safari ya saa tano au sita mpaka kwenye hema.

Sasa ni saa nne. Nimeweka kuni jikoni mara tatu na bado nina baridi. Najituliza kwamba baruti yenye baridi huungua kwa upole, hivyo nashukuru kwa upepo huu ambao jana niliulaani. Najituliza pia kwamba huenda hawajamwona kulungu yeyote. Mjomba, maisha yangu yote nimewaombea wawindaji wa nyumba hii wapate nyama. Leo ninaomba wasione hata unyayo.

Saa tisa alasiri. Simu haijalia. Hapana, ililia mara moja, alikuwa mwanamke wa kanisani akiuliza kama nitaleta viazi Jumapili. Nilimwambia ndiyo, nikakata kabla hajaaga. Tafadhali, ukimwandikia, usimwambie kwa nini.

Nimesoma tena daftari lote tangu mwanzo. Kwenye ukurasa wa siku uliyoumia, wewe mwenyewe umeandika, kwa mwandiko ulioinama kwa sababu ulikuwa na bandeji: "Ganda mara ya kumi na moja. Nilijua." Sikuwahi kuona neno hilo la mwisho. Au niliona, nikapita.

Jumatano, 30 Oktoba. Theluji imekoma, jua kali, hakuna upepo.

Wamerudi. Naanza na hilo ili Corinne asikuweke roho juu. Wamerudi saa nne asubuhi, wote watatu na nyumbu. Nilisikia pikapu ya Delmar kwenye daraja, nikatoka nje na soksi. Nilimshika Tilda uso kwa mikono miwili nikamgeuza kwenye mwanga, upande huu na upande ule, kama ninavyokagua mayai.

"Mama, mikono yako ya barafu," alisema. "Macho yangu yapo yote, hesabu. Mawili."

Sasa sikiliza kilichotokea. Jana, saa moja na nusu asubuhi, wakati nimesimama kwenye lango la Orrin, dume mkubwa alitoka kwenye misunobari ng'ambo ya korongo. Tilda akalala juu ya jiwe, akafyatua. Bunduki ilimpiga bega kuliko alivyozoea, na risasi ikapita juu ya mgongo wa mnyama. Akashika komeo la bunduki atoe ganda, komeo likagoma. Alilipiga kwa kiganja mara tatu ndipo likafunguka.

Dume hakukimbia. Delmar ndiye aliyenisimulia sehemu hii, akiwa na aibu kidogo. "Alisimama pale, Maren, kama anasubiri apigwe picha. Nikamwambia mtoto, tia nyingine, haraka! Yeye anachunguza ganda. Nikamwambia, wewe, nyama ile inaondoka! Hata kuniangalia hakuniangalia."

Tilda alikuwa ameliona. Fataki ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama sarafu iliyopitiwa na gari moshi, na kwenye kitako kulikuwa na alama inayong'aa, mahali ambapo shaba ilianza kujisukuma itoke. Ulimwonyesha picha ya alama kama ile, dalili ya ganda linalokaribia kupasuka, akiwa na miaka tisa, siku mliponisaidia kupanga maganda. Mimi nilidhani alikuwa anacheza tu.

Akatoa risasi zote kwenye bunduki, akazifunga ndani ya soksi, akamwambia baba yake, "Baba, ukoo huu umeshatoa jicho moja. Linatosha." Kisha akakaa juu ya lile jiwe akamwangalia dume akiondoka taratibu, na Delmar anasema alilia, lakini Tilda anasema ni upepo. Orrin alipowafikia saa nane mchana, amevaa theluji mpaka kwenye ndevu, aliwakuta wanakula maharage. Alipopita leo kwenye lango letu alisema tu, "Nyumbu anakudai tufaha."

Tilda hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Nilipoanza kumwomba radhi alisema, "Mama, nenda kaandike kwenye daftari," akaenda kuoga.

Nimeandika. Halafu nimekaa kwenye benchi na kuzibomoa zote kumi na tisa zilizobaki, moja moja, vichwa upande huu, baruti upande ule. Mikono ilitulia nilipofika ya sita.

Kuhusu maganda haya ya bei, Mjomba, sijui tena niseme nini, na wewe usinicheke. Bei yake ndiyo iliyonifanya niyaonee huruma yasijaribiwe, na kuta zake nene ndizo zilizobana moto. Lakini ni kuta hizo hizo zilizoushika. Kama ningetia kosa lile lile kwenye ganda la zamani lililofyatuliwa mara nane, nadhani leo ningekuwa nakuandikia nikiwa hospitalini. Nitayatumia. Nitaanza chini kabisa, punje kwa punje, na matano ya kwanza yatakwenda kwenye ubao wa shabaha hata kama moyo utaniuma kila yanapolia.

Nimekutilia ganda lenyewe ndani ya bahasha. Lishike dirishani, tumia kioo chako cha kukuzia, uniambie lilibakiza kiasi gani kabla ya kupasuka. Niambie ukweli. Usinifiche kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yako.

Na kama hutaki kujibu hilo, jibu jingine. Kwenye ukurasa ule uliandika kwamba ulijua. Nami nataka kujua kama mtu akijua na akafyatua, ni tofauti na mtu ambaye alipaswa kujua na akampa mwanawe afyatue.

Msalimie Corinne na mume wake, na mbwa wenu asiyetaka jina lake. Delmar anakusalimu, anasema mwaka kesho atabeba bunduki mwenyewe na utapata mguu mzima wa nyama kwa posta. Tilda anakubusu kwenye shavu la kushoto, amesisitiza liwe la kushoto. Bwana akulinde uingiapo na utokapo, na akuhifadhie jicho lako.

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Maren

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufunga bahasha. Nimekunakilia mstari wa jana kutoka kwenye shajara yangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kwamba siku isiyofungwa kwa saa haijaisha:

"Jumatano, 30 Oktoba. Jua. Kumi na tisa zimebomolewa, moja kwa Mjomba. Tilda yuko chumbani kwake, anakoroma, mlango nimeuacha wazi. Nalala saa nane na dakika kumi mchana; usiku kucha sikufumba jicho."