Uzi Uliosimama Wima

Mwamkulu, Mpanda
Jumapili

Kwako kaka Malale,

Mwangaluka, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na jua la kuanika dagaa huko Ikola lisiwe limekumaliza. Sisi tunapumua. Mama goti bado linamsumbua, ila shambani anakwenda. Pilipili amezaa ndama jike, mwenye madoa kama ya mama yake. Barua hii nimempa Danford, yule dereva wa gari la dagaa, akukabidhi mkononi, maana simu za nyumbani hupokei. Na hata ungepokea, haya nisingeweza kuyasema. Unanijua mimi, hata darasani jibu ninalolijua huwa nalimeza.

Najua kwa nini hupokei. Tangu baba alipopotea na baiskeli yake ikakutwa kwa fundi kando ya barabara ya Mishamo, ulisema amepanda gari kwenda kwa mwanamke mwingine, na kwamba ng'ombe kurudi wenyewe bila mchungaji ndiyo talaka yetu sote. Majirani walilidaka neno hilo. Mpaka leo kuna mmoja kisimani huniuliza kama mama yetu wa pili ameshajifungua. Mama yeye habishani na mtu. Kila jioni ng'ombe wakiingia, maana siku hizi wanajichunga wenyewe, analiacha lango la zizi wazi. Anasema lango hufungwa na mwenye mji, na mwenye mji hajarudi. Fisi ameshakula mbuzi wetu, bado liko wazi.

Sasa sikiliza. Unawakumbuka wale watafiti waliofunga ng'ombe wetu kola za shingoni, zile zinazotuma habari za mahali ng'ombe alipo? Wiki hii wamekuja shuleni kwetu. Mtaalamu wao ni dada mmoja anaitwa Pudensiana, amebeba miwani mikubwa ya kuziba uso mzima, utadhani ya kuchomelea vyuma. Alieleza kwa Kiingereza, akatuangalia nyuso, akarudia kwa Kiswahili. Kila jicho linapewa picha yake, zinatofautiana kidogo tu, na akili ikiziunganisha unaona karibu na mbali kama ulivyo duniani. Zile namba za kola, ambazo kwenye karatasi zingekuchosha macho, humo unatembea katikati yake.

Makarius alivaa wa kwanza akajigonga kwenye meza, tukacheka. Zamu yangu ilipofika nilitamani nijifanye naumwa.

Kaka, darasa lilipotea. Palikuwa giza, na chini ya miguu yangu nchi yetu yote, vilima vidogo kama matuta ya viazi. Kutoka ardhini zilipanda nyuzi za mwanga. Pudensiana alikuwa ananieleza pembeni kwamba kila uzi ni kola moja, na kwamba kwenda juu ndiyo siku kupita. Ng'ombe akitembea uzi unalala na kupinda. Akikaa mahali, uzi unapanda wima. Nikatafuta kwetu nikapaona. Nyuzi zetu zilikuwa zinatoka zizini na kurudi, zinatoka na kurudi, kama mtu anayesuka mkeka. Kimya kile, kaka, niliogopa hata kupumua.

Ndipo nikauona uzi mweupe. Ulikuwa umetoka na ng'ombe wetu, mara mbele yao, mara ubavuni, mara nyuma, mwendo ambao si wa ng'ombe. Ukavuka barabara ya Mishamo, ukaingia msituni upande wa mto, ukasimama. Kuanzia hapo ulipanda juu umenyooka, mrefu kunipita, kama mtu anayekungoja umfikie. Na zile nyuzi nyingine zilikuwa zinakuja kuuzunguka, zinaondoka, zinakuja tena, mwezi hadi mwezi.

Nilimwuliza Pudensiana ule ni nini. Akasema hiyo ni kola iliyoanguka tu, huwa wanazifuta, hiyo imesahaulika. Ng'ombe labda wanafuata udongo wa chumvi pale.

Lakini kola ile haikuanguka. Ni ya Pilipili. Mkanda ulikatika asubuhi ile ile aliyopotea, na nilimwona baba akiitia kwenye mkoba wake, akisema akirudi ataipeleka kwa wenyewe. Na wewe na mimi tumekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Tunajua ni wapi wanarudi, wakazunguka, wakaparua ardhi na kulia. Ni pale ilipomwagika damu ya mtu wao.

Nikawasikia wakilia. Baadaye niliuliza kama miwani ile ina sauti, Pudensiana akasema siku hiyo hawakufungua sauti.

Nilipiga magoti kwa adabu mbele ya uzi ule, nikasema kwa nguvu, mimi nisiyesema, "Mwangaluka, baba."

Darasa zima lilicheka. Wao walimwona msichana akisalimia mguu wa meza.

Pudensiana hakucheka. Alinitoa nje, nikamweleza yote. Akasema uzi ule ulikuwa ufutwe kesho yake. Ameahidi hataugusa. Mahali penyewe anapo kwenye simu yake, na yuko tayari kwenda na polisi pamoja na mtu wa nyumbani.

Baba hakupanda gari, kaka. Fundi alisema baiskeli ililetwa ikiwa na pancha, hakuna aliyemsikiliza. Baba aliiacha iwekwe kiraka, akawafuata ng'ombe kwa miguu. Sisi tulimtafuta barabarani.

Mama sijamwambia. Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na habari hii haipaswi kuingia ndani ya nyumba kupitia kwangu. Lakini nakiri, jana jioni nililishika lango nilifunge mwenyewe, mama apumzike. Pilipili alikuwa amesimama pale pale katikati, ndama ananyonya, yeye anatazama upande wa mto. Hakunipisha. Nikaacha.

Danford anarudi huku Jumatano. Nimemwomba akuwekee nafasi mbele. Nisalimie mama Générose unayekaa kwake, mwambie dagaa wake walifika na tulikula.

Njoo ufunge lango.

Mdogo wako,
Kabula Manyanda