Ukungu wa Shangazi Kiden

Jumatatu, 9 Machi
Sahani tano za maabara tena, kabla hata ya chai. Ukungu umenenepa, mweupe kama pamba. Na bakteria wamekua hadi ubavuni mwake bila woga! Mwezi uliopita uliwaua wote pembeni, ukabaki mviringo mtupu. Niliuona kwa macho yangu. Mwalimu wangu kasema Ijumaa nimwonyeshe mviringo, la sivyo nibadilishe mada ya utafiti. Nimekasirika. Sibadilishi.

Jumanne, 10 Machi
Nimeongeza sukari. Nimeongeza uji wa mtama. Mgeni hukirimiwa, ndivyo tulivyolelewa kwetu Mvara. Mgeni amekula, amelala. Bure kabisa!

Jumatano, 11 Machi
Nimekwenda Koboko, kwa Shangazi Kiden, kutafuta ukungu mpya. Wangu ulitoka kwake: hurundika muhogo, huufunika kwa magunia, unaota manyoya, kisha huyakwaruza kwa kisu na kuuanika. Nimechelewa. Alikwaruza jana, muhogo wote uko juani. Nusura nilie. Nikamweleza ninavyoulisha wangu. Alicheka hadi akashika mbavu. "Wee mutoto! Mutu iko na shiba, atapigana na nani?"

Neno lake nimelitafuna njia nzima hadi Arua. Ukungu hautengenezi sumu yake ukiwa na raha. Chakula kikipungua, majirani wakibanana, huacha kukua na kuanza kujilinda. Nilisoma haya! Niliyajibu kwenye mtihani! Mjinga mimi.

Jioni. Ile sahani ya mwezi uliopita bado iko dirishani. Imekauka, ukungu umegeuka kijani. Nimekata kipande, nimekiweka katikati ya bakteria. Bila sukari.

Alhamisi, 12 Machi
MVIRINGO! Safi, mpana kuliko ukucha wa kidole gumba. Nimepiga kelele hadi mlinzi akaja mbio na fimbo, akidhani nyoka. Nimemwonyesha. Kasema haoni kitu hapo. Ndiyo, kaka! Pale pasipo kitu ndipo penyewe!

Ijumaa, 13 Machi
Mwalimu aliitazama sahani kwa muda mrefu. Huenda dawa hiyo inayoua bakteria inajulikana tayari, kasema, tutapima. Lakini mada inabaki. Akaniambia niandike kwenye daftari la maabara ukungu ulikotoka. Nikaandika jina zima la shangazi, na Koboko.

Nimempigia shangazi simu kumwambia. Akaniomba nimsomee jina lake lilivyoandikwa. Nikamsomea mara tatu.