Pweza Niliyemwacha Mwambani

Mama yako kawa mkuu wa wauguzi wodini! Nimezaa, jamani, wala sifichi; soko zima la Woolwich, huku ughaibuni, wanajua.

Haya, salamu sasa. Hujambo Salma, mjukuu wangu, huko Japani? Babu yako anakohoa, lakini anakula.

Umeniuliza kama nimewahi kuona tsunami. Nimeiona Pemba, mama yako akiwa mgongoni. Siku ile bahari ilikupwa saa ya kujaa. Tukacheka, "Bamvua la bure, maji yametoka mbali kabisa!" tukakimbilia pweza. Nilishamchokoa mmoja mkubwa, wifi yangu akapiga kelele, "Mwache huyo, we! Maji haya hayakupwa, yamevutwa!" Nikamwacha roho ikiniuma, nikapanda kilimani. Bahari ikarudi, ikafunika mwamba wote. Baadaye tukaambiwa ardhi ilitetemeka mbali, chini ya bahari, ikayasukuma maji.

Basi ardhi ikitikisika nawe uko pwani, usingoje kuyaona maji. Acha begi, panda juu. Mimi nilimwacha pweza, leo nina mkuu wa wauguzi.

Karamu yake ni Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Wote waja, nawe tunakungoja.